Lodi aliyezikwa Kiambu na binti aliyemrithi

Mwaka wa 11 huu nachapa makaratasi ya mirathi katika ofisi ya wakili mjini Kiambu. Watu wanakuja na barua ya chifu, cheti cha kifo, nakala za vitambulisho, na ile taito ya shamba imefungwa ndani ya gazeti la zamani, bendi ya mpira juu. Swali langu la kwanza huwa moja: marehemu ameacha nani? Alikufaje, hilo si la meza yangu.

Kwa hiyo nilipoonyeshwa kaburi la yule mzungu pale kanisa la Mtakatifu Paulo, hapa hapa Kiambu, sikushangazwa na kile kinachowashangaza wengine. Amelala kando ya mke wake wa pili. Jina lake Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, lodi wa Kiskoti. Ukimtaja tu, mtu yeyote anayezijua habari za masetla atakuambia jinsi alivyouawa: alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, ndani ya Buick yake, karibu na Karen, nje kidogo ya Nairobi, risasi kichwani. Waliolikuta gari walikuwa watu wa lori la maziwa. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake kijana alikuwa na uhusiano na lodi huyo, alishtakiwa Nairobi na akaachiliwa mwezi Julai mwaka huo huo. Mpaka leo hakuna aliyefungwa kwa kifo hicho, na watu hawachoki kubishana ni nani.

Mimi nikauliza la ofisini. Ameacha nani?

Ameacha mtoto mmoja, msichana wa miaka 15, Diana. Ameacha pia mdogo wake wa kiume, Gilbert, mtu mzima. Mke wa kwanza walishaachana, wa pili alishatangulia mwaka 1939. Faili kama hiyo ikifika mezani kwangu, najua kabla ya kuifungua kwamba kuna baba mdogo nje kwenye benchi, ameketi na koti lake zuri, anangoja kuambiwa kwamba yeye ndiye mwanamume wa familia.

Jibu la faili ya lodi huyu lilinifanya nikae usiku mzima nikisoma. Msichana alipata ulodi wa Erroll, akawa Countess wa 23, yaani Earl wa kike. Baba mdogo alipata cheo kingine, ubaroni wa Kilmarnock, na mwaka huo huo akaacha jina la Hay akajiita Boyd. Mtu mmoja kafa, vyeo viwili vilivyokuwa kichwani pake vimeachana njia, kila kimoja kikafuata karatasi yake.

Ubaroni ulitolewa mwaka 1831, na sababu yake inachekesha kidogo. Uskoti ilipoungana na Uingereza mwaka 1707, malodi wa Kiskoti hawakupewa wote viti katika Bunge la Malodi kule London. Walichagua wenzao 16 tu wa kuwawakilisha. Earl wa 18 alikuwa amemwoa Elizabeth FitzClarence, binti wa nje ya ndoa wa mfalme William wa Nne, na mkwe wa mfalme hawezi kutegemea kuchaguliwa na wenzake. Akapewa ubaroni wa kumwingiza moja kwa moja. Hati yake ilisema wanaume tu.

Ulodi wa Erroll ni wa karne ya 15, na kwa mpangilio wake mwanamke anaruhusiwa kuushika. Tena sheria ya Uskoti ina jambo moja ambalo ningelipenda sana hapa: lodi akifa bila mtoto wa kiume na cheo chake kinaruhusu wanawake, binti mkubwa anachukua. Basi. Kwa Waingereza, baadhi ya ubaroni wa zamani ukiangukia mabinti watatu, wote ni sawa, kwa hiyo hakuna anayeupata, na cheo kinaning'inia hewani hata miaka mia. Nina faili mbili za namna hiyo kwenye kabati, ila zetu ni za mashamba.

Pamoja na ulodi kulikuwa na kazi nyingine ya kurithi. Baada ya vita vya Bannockburn mwaka 1314, mfalme Robert the Bruce alimpa Gilbert de la Hay, rafiki aliyesimama naye tangu siku za shida, wadhifa wa kulinda uhai wa mfalme, yeye na kizazi chake. Kwa jina lake ni Konstebo Mkuu wa Uskoti. Najua, kwetu konstebo ni kijana wa kusimama jua kali barabarani, mshahara haumalizi mwezi. Kule Konstebo Mkuu anatangulia wenye vyeo vya kurithi wote wa Uskoti isipokuwa jamaa ya mfalme. Mwaka 1941 wadhifa huo ulimwangukia msichana wa shule, na haikuandikwa popote kwamba kwa sababu ni msichana angoje kaka azaliwe.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1717 Earl wa 13 alikufa bila mtoto na dada yake Mary akashika, akawa Countess wa 14. Mary naye hakuzaa. Alipokufa mwaka 1758 ulodi ulikwenda kwa mjukuu wa dada yake, James Boyd, kupitia kwa mama yake. Na habari ya huyu James ndiyo iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini.

Baba yake alikuwa Earl wa Kilmarnock. Wakati wa uasi wa mwaka 1745 baba alijiunga na Mwanamfalme Charles Stuart, aliyedai kiti cha ufalme kwa ajili ya ukoo wake, na mtoto akabaki katika jeshi la serikali. Wakakutana uwanja mmoja, Culloden, Aprili 1746, kila mtu upande wake. Baba akakamatwa. Inasimuliwa kwamba alipopitishwa mbele ya jeshi lililoshinda, kichwa wazi, mtoto alitoka kwenye safu akamvalisha kofia yake mwenyewe. Mwezi Agosti baba akakatwa kichwa London, Tower Hill, na ulodi wa Kilmarnock ukafutwa.

Kiambu hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Miaka ya 1950 kuna nyumba hapa ambazo mmoja alikuwa msituni na Mau Mau na mwenzake alikuwa homugadi, askari wa upande wa serikali ya kikoloni, na mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya, aliyekuwa kizuizini hakuwapo kuonyesha mpaka wake. Faili nyingine ninazochapa leo zilianza siku hiyo. Hakuna aliyemvalisha mtu kofia, au kama yupo, hakusimuliwa. James Boyd alipoteza cha baba kwa sababu ya kisiasa, akapata cha mama kwa sababu ya karatasi, akabadilisha jina akawa Hay. Mwaka 1761 alikuwa akitumikia kama Konstebo kwenye kutawazwa kwa George wa Tatu, mjukuu wa mfalme yule yule ambaye serikali yake ilimkata baba yake kichwa.

Sasa shamba. Kwa sababu hapa kwetu ukisema una taito, mtu anauliza ekari ngapi.

Ukoo wa Hay wana hadithi yao ya asili: mkulima na wanawe waliwarudisha Wadenmark vitani kwa kutumia nira za ng'ombe, na mfalme akawapa ardhi yote ambayo mwewe angeruka bila kutua. Savea wa bei nafuu kabisa. Wanahistoria wanasema ni ngano, kwamba wakina Hay walitoka Normandy kama wakubwa wengine wengi, lakini nira na mwewe wamebaki kwenye nembo yao. Ngome yao ya kwanza, Slains, kwenye jabali la pwani ya Aberdeenshire, ililipuliwa kwa baruti na mfalme James wa Sita mwaka 1594, Earl wa tisa alipoasi. Wakajenga nyingine kaskazini kidogo, Cruden Bay, wakaiita Slains vile vile. Hiyo nayo iliuzwa mwaka 1916 na babu yake Josslyn, Earl wa 20, na mwaka 1925 ikaezuliwa paa. Mpaka leo ni kuta tupu juu ya bahari.

Kwa hiyo Josslyn, baba yake alipofariki mwaka 1928 na yeye akawa Earl, hakurithi ngome wala ekari za kuringia. Alikuwa ameshahamia Kenya tangu 1924 na mke wake wa kwanza, Idina Sackville. Walijenga kwenye miteremko ya Nyandarua, katika ardhi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata mguu mmoja. Na nyumba hiyo waliipa jina gani? Slains. Babu ameuza ngome, mjukuu kabeba jina na kulibandika kwenye bangalo la Kenya, kama mtu aliyehama na kibao cha lango tu. Diana alizaliwa Kenya, Januari 1926, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo, akalelewa na jamaa. Mashamba ya kule Wanjohi, bonde la Nyandarua walikoishi, baada ya uhuru yaligawanywa.

Mwaka 1946 Diana aliolewa na Iain Moncreiffe, bingwa wa nasaba na nembo za koo. Mtu kama huyo kwenye ofisi yetu angetuokolea miezi. Wakazaa wana wawili na binti. Mwana wa kwanza, Merlin, alichukua jina la mama, Hay, ili ashike cha mama. Wa pili alibaki Moncreiffe akawa mkuu wa ukoo wa baba. Mwaka 1963 sheria ilifungulia malodi wote wa Kiskoti mlango wa Bunge la Malodi, na wanawake wenye vyeo vyao wenyewe wakaingia pia. Diana alifariki mwaka 1978, Merlin akawa Earl wa 24.

Mimi ni Mkikuyu, na koo zetu zinaitwa kwa majina ya mabinti wa Mumbi, mama yetu wa asili. Wanjiru, Wambui, Wangari na dada zao. Majina yote ya wanawake. Mashamba yakaenda kwa wanaume. Sijui ni lini tuliona hilo linaeleweka.

Wiki mbili zilizopita alikuja mzee mmoja kuhusu shamba la kaka yake. Barua ya chifu ilitaja wana wawili. Nikamuuliza, Mzee, hakukuwa na msichana? Akasema yuko, lakini ameolewa Nakuru, asiandikwe. Nikamweleza kwamba siku hizi lazima aandikwe, kwamba tangazo likitoka kwenye Gazeti la Serikali ana siku 30 za kupinga, na akipinga tutarudi mwanzo. Akanyamaza. Kwa vile wakili alikuwa bado mahakamani na chai ilikuwa imeiva, nikamsimulia habari za yule lodi wa pale kanisani: kaka mtu mzima alikuwepo, na bado cheo kikubwa kilikwenda kwa binti.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza chai yake.

"Na shamba, mwanangu? Shamba lilikwenda kwa nani?"

Nikamwambia shamba halikuwepo. Babu alishauza.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sasa nimeelewa," akasema. "Ndiyo maana walimpa msichana."

Kisha akaniambia jina la binti, na nikaliandika.