Betri ya tatu tangu nihamie Maskati

Leo asubuhi gari imegoma kuwaka. Betri tena! Hii haikumaliza hata miaka miwili, wakati Unguja niliwahi kukaa na moja miaka minne. Fundi kafungua boneti, kanionyesha unga mweupe uliotuna kwenye vichwa vya betri. "Kaka, joto ndilo linaloila kwa ndani," akasema.

Ila kilichonitetemesha ni tairi. Aliinama, akapitisha kidole ubavuni mpaka kwenye namba nne: 2318. Yaani ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, bado nzima kabisa, ndiyo maana sikuwahi kuwa na wasiwasi. Lakini ubavuni kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, mzunguko mzima. Na mimi wiki ijayo nawapeleka watoto Salalah, kusini kabisa mwa Oman, kilomita kama 1,000, kupitia Haima huko jangwani, jua la Julai! Nimebadilisha zote nne palepale. Pesa imeniuma, lakini nimelala mchana huu kwa amani.

Jamani mlio huku, angalieni hizo namba leo. Upepo pimeni alfajiri kabla gari haijatembea, wala msiupunguze tairi ikiwa ya moto. Mfuniko wa rejeta msiuguse mpaka ipoe. Filta ya hewa nayo nilipoikung'uta ilimwaga mchanga kiganja kizima.

Tunaondoka Alhamisi baada ya Alfajiri, inshallah, madumu mawili ya maji yakiwa nyuma.