Nilienda Kyoto kumfuata Torii Mototada

Watu wengi wakienda Kyoto wanafuata bustani na mageti mekundu ya mahekalu, mi nilienda kuangalia dari. Dari ya mbao za zamani zenye madoa. Nilikuwa na siku mbili tu za likizo na hiyo ndo safari niliyoiwaza tangu nimefika Japani.

Kisa chenyewe ni cha Torii Mototada, kamanda wa Tokugawa Ieyasu. Enzi zile daimyo kama Ieyasu alikuwa bwana mwenye ardhi yake, kodi yake na jeshi lake, na Mototada alimtumikia toka wote wawili ni watoto, Ieyasu akiwa mateka kwa ukoo wa Imagawa kule Sunpu, siku hizi panaitwa Shizuoka. Mototada kazaliwa 1539, kamzidi bwana wake miaka michache tu, kwahiyo hawa wamekua pamoja ugenini, na ukishalijua hilo mengine yote yanauma zaidi.

Asubuhi ya kwanza nikaenda Yogen-in, hekalu dogo jirani na Sanjusangen-do, ukitoka stesheni ya Kyoto hata kwa mguu unafika. Unavua viatu unaingia, picha hairuhusiwi, sakafu inalia kila ukikanyaga. Mama mmoja mtu mzima akanyanyua fimbo ndefu akaanza kuonyesha juu: hapa uso, hapa mkono, hapa mguu umekunjwa. Mwanzo sikuona kitu, naona madoa ya kahawia iliyokoza tu kama mafuta yaliyoingia kwenye mbao, halafu ghafla nikauona ule mguu na sikuweza tena kutouona. Wanasema huyo ndo Mototada mwenyewe. Mbao hizi zilikuwa sakafu ya ngome ya Fushimi, hapahapa Kyoto, alikofia na watu wake, na hekalu lilipojengwa upya 1621 zikapandishwa juu zikawa dari, ili watu wasikanyage damu ya wale marehemu na wazidi kuombewa. Pembeni kwenye milango ya mbao kuna tembo weupe wa mchoraji Tawaraya Sotatsu, wakubwa, wamejaza mlango mzima, inasemekana walichorwa kuzituliza roho hizo. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1600 Ieyasu alitoka na jeshi kwenda mashariki kumkabili daimyo mwenzake Uesugi Kagekatsu, na alijua kabisa akigeuza mgongo tu hasimu wake Ishida Mitsunari atanyanyuka. Ngome ya Fushimi ipo njiani, lazima mtu abaki kuilinda. Akabaki Mototada, mzee wa miaka 60 na kitu, tena kilema, maana 1575 kwenye kuizingira ngome ya Suwahara aliumizwa mguu na toka hapo alichechemea. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuagana walikaa wanakunywa na kukumbushana ya utotoni, Mototada akamwambia bwana wake asimwachie watu wengi, wachukue, utawahitaji huko mbele, maana hapa hata wangekuwa wengi ngome itaanguka tu. Ieyasu akalia. Mi hapo kila nikifika naganda.

Basi jeshi la Ishida likaja, inakadiriwa watu 40,000, ndani ya ngome hawafiki hata 2,000. Walishikilia zaidi ya siku 10 na inasemekana moto uliwashwa na watu wa ndani kwa sababu familia zao zilitekwa na kutishiwa kuuawa. Tarehe 8 Septemba ngome ikaanguka, Mototada akafa na watu wake, wengi wao kwa kujipasua tumbo, seppuku. Lakini zile siku Ieyasu alizihitaji mno, na Oktoba 21 akashinda vita ya Sekigahara, 1603 akawa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, na ukoo wake ukatawala mpaka karne ya 19. Kijana wa Mototada, Tadamasa, alipewa ardhi kubwa, mwisho kabisa Yamagata mwaka 1622.

Mchana nikapanda basi namba 17 kwenda Ohara, kama saa nzima, mji unaisha milima inaanza. Hekalu la Hosen-in nako kuna mbao zilezile juu ya kibaraza. Unakaa kwenye mkeka wa tatami, unaletewa bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga, ya moto na kitu kitamu kidogo, mbele yako kuna msonobari wa miaka 700, na juu ya kichwa chako kuna alama za vidole vya mtu. Bustanini kuna mirija miwili ya mianzi, ukitega sikio unasikia matone ya maji yanadondoka chini ya ardhi, ting, kimya, ting. Sijawahi kunywa chai taratibu vile.

Kesho yake Fushimi. Ngome inayoonekana sasa ni ya zege, ya 1964, hata ndani huingii. Pale ilipokuwa ile ya kweli leo ni kaburi la mfalme Meiji, unapanda ngazi 230 ndefu nyeupe katikati ya miti. Hakuna watu, kunguru tu. Zilipobaki ngazi nyingi bado magoti yakaanza kuniuma, nikakaa, nikamuwaza yule mzee na mguu wake mbovu akipanda na kushuka kilima hikihiki kukagua walinzi, usiku, na mioto ya maadui imewaka chini kote. Halafu nikanyanyuka nikamalizia.