Kuosha Kuta na Paa kwa Maji ya Shinikizo Dogo

Watu wengi wanaokodi mashine ya kuoshea kwa presha huamini kwamba kadiri maji yanavyotoka kwa nguvu ndivyo nyumba itakavyotakata, na nadhani imani hiyo inatokana na kutoujua uchafu wenyewe. Vumbi na tope huondoka hata kwa mpira wa bustani. Kinachong'ang'ania, yaani utando wa kijani upande usiopata jua na michirizi myeusi juu ya paa, kwa kawaida ni viumbe hai: mwani, kuvu na bakteria.

Michirizi inayoonekana kwenye paa za vigae vya lami, kwa mfano, mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Gloeocapsa magma, ambaye hustawi penye unyevu na inasemekana hujipatia virutubisho kutoka katika unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa katika vigae hivyo. Maji ya kasi humwondoa juu juu tu, mabaki yake yakaota tena, na papo hapo huzibandua chembe za mawe zinazoikinga lami dhidi ya jua. Ukutani, maji hayo hayo hubambua rangi, huchimba saruji iliyo kati ya matofali, huchana nyuzi za mbao na, baya kuliko yote, hupenya ndani ya ukuta mahali ambapo hayatakauka upesi. Mashine za presha hutoa shinikizo la takriban pauni 1,500 hadi 4,000 kwa inchi ya mraba, ilhali uoshaji wa upole, yaani ule wa maji ya shinikizo dogo, hauzidi 500.

Katika uoshaji huo wa upole, kazi yenyewe hufanywa na dawa, ambayo ni sodiamu haipokloraiti, kiungo kile kile cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ikiwa imezimuliwa kwa maji na kutiwa sabuni kidogo ili ishike ukuta badala ya kutiririka ovyo. Hupakwa kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ikichuruzika kwenye ukuta mkavu huacha alama. Huachwa dakika 10 hivi bila kukauka, ndiyo sababu siku ya mawingu hufaa zaidi, kisha husuuzwa kutoka juu kwenda chini. Mimea iliyo karibu imwagiliwe kabla, wakati wa kazi na baada yake. Miwani na glavu ni lazima, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi wala amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Haifai kwa kila doa, hata hivyo, na wauzaji wa huduma hii hawalisemi hilo mara nyingi. Kutu huhitaji asidi ya oksaliki, tena baada ya dawa ya kwanza kusuuzwa ikaisha kabisa, na ule weupe wa chumvi unaotoka ndani ya matofali utarudi hadi chanzo cha unyevu kizibwe.