Hesabu moja, majibu mawili
Jamani leo huku Marekani nimeenda kumtumia mama hela Tanga, keshi mkononi kama kawaida yangu, dada wa dirishani ananiambia kuna kodi ya asilimia 1, nikabaki mdomo wazi, kumbe ndo ile sheria kubwa ya kodi na matumizi aliyosaini Trump Julai 4, 2025. Baraza la Wawakilishi la Marekani walianza na asilimia 5 wakashuka 3.5, Seneti ndo wakaiacha 1, tena ni kwa wanaotoa keshi, ukilipa na kadi ya benki ya huku Marekani hukatwi. Nikachomoa kadi fasta 😂

Sasa kilichoniacha hoi ni hesabu zenyewe. CBO, ofisi ya bajeti ya Kongresi, ilisema sheria nzima itaongeza nakisi, yani pengo la serikali kutumia kuliko inachokusanya, kama dola trilioni 3.4 kwa miaka 10, maseneta wa Republican, chama cha Trump, wakaja na yao, eti punguzo la kodi la 2017 ambalo lilikuwa linaisha tuhesabu kama vile lingeendelea tu, basi trilioni zikayeyuka na mswada ukaonekana unapunguza nakisi!! Yani king'amuzi kimeisha, baba watoto analipia tena halafu anasema hayo siyo matumizi, si tulikuwa nacho mwezi uliopita. Kwenye kikoba chetu angetimuliwa na daftari lake.