Jina Lako Katika Daftari la Mukumu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Anayetoka Kisumu kwenda Kakamega hupita Mukumu kabla hajaingia mjini. Wengi wetu tunapajua kwa shule ya wasichana na hospitali ya misheni. Kanisa la Moyo Mtakatifu tunalipita tu, matatu ikikimbilia stendi. Juma hili nawasihi mteremke.

Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1906. Mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari kutoka Uingereza, walikuwa wametokea Uganda, wakafika Kisumu mwaka 1903, miaka miwili baada ya reli, kisha Mumias kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kisha hapa. Hayo yameandikwa. Ambao hawakuandikwa sana ni makatekista. Padre mmoja asingeweza kuvifikia vilima vyote vya Isukha na Idakho, kwa hiyo walitembea wao, wakifundisha Baba Yetu, Nasadiki na Amri Kumi kwa kukariri, sentensi moja leo, nyingine kesho. Wengi wao hawakuacha hata picha. Bibi zetu wakaipokea imani kutoka vinywani mwao, nasi tukaipata jikoni kwa bibi, kama Timotheo alivyoipata kwa Loisi na Eunike.

Kila parokia hutunza daftari la ubatizo. Kando ya jina lako sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza yaandikwe pia mambo yatakayofuata: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Mimi jambo hili hunigusa sana. Siku mtoto anamwagiwa maji, Kanisa tayari limemwekea nafasi ya yale ambayo hata wazazi wake hawawezi kuyakisia.

Fikiria Kadinali Maurice Otunga. Alizaliwa mwaka 1923 huko Chebukwa, Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, katika boma la wake wengi. Alibatizwa akiwa bado mvulana. Nani siku ile angesema kwamba atapewa upadre Roma mwaka 1950, awe kadinali mwaka 1973, na kwamba baada ya kifo chake Kanisa litamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu? Neema ilianza na maji yale yale uliyomwagiwa wewe.

Ndiyo maana huniuma kuona vijana wetu wakirudi kwenye parokia walikobatizwa kwa sababu moja tu. Wanataka kufunga ndoa Nairobi au Nakuru, paroko wa huko anadai cheti cha ubatizo cha karibuni, nao wanasafiri usiku kucha. Wanapiga foleni ofisini, karatasi inagongwa muhuri, wanapanda bodaboda. Kanisa liko pale pale, mlango wazi, wala hawakupiga goti. Wamechukua ushahidi kwamba walizaliwa upya, wakamwacha Aliyewazaa bila hata salamu.

Basi ukifika, ingia. Simu iache mfukoni kwanza. Picha utapiga baadaye. Chovya vidole katika maji ya baraka na ujitie ishara ya msalaba bila haraka, maana tendo hilo ni kumbukumbu ya ubatizo wako. Tazama ile taa karibu na tabernakulo, mahali inapotunzwa Ekaristi: Bwana yupo, si historia yake tu. Kisha uliza kisima cha ubatizo kiko wapi, usimame hapo, useme Nasadiki kwa sauti, ukiunga mkono kila neno. Siku ile wengine walikujibia, "Tunakataa," "Tunasadiki." Leo una kinywa chako. Usishangae ukikwama mahali, labda kwenye ondoleo la dhambi kwa sababu kuna mtu hujamsamehe, au kwenye ufufuko wa miili kwa sababu kaburi la mama bado ni bichi. Kaa hapo hapo ulipokwama, mwambie Yesu. Kama kuna padre, omba kitubio.

Kama ulibatizwa Mumias, Kibabii, au katika kigango cha mabati kule Nakuru, nenda huko. Ukubwa wa jengo hauongezi kitu kwenye sakramenti. Na msimamizi wako wa ubatizo akiwa bado hai, mpitie umsalimu kabla hujarudi. Wengi wao wamezeeka, hawatoki tena nyumbani, na bado wanatuombea kwa majina.