Nyasi zangu za ndoo, Ngamiani

Ua wetu hapa Ngamiani, Tanga, ni mdogo. Ukitoa jiko la nje, simtanki na kamba ya kuanikia nguo, kinachobaki ni ukanda wa mita 1 kando ya ukuta, tena wote saruji. Mwaka wa 3 sasa ukanda huo umejaa nyasi za mapambo, na nazipenda kuliko maua. Upepo wa jioni ukiingia kutoka baharini, masuke yote huinama upande mmoja, yakarudi, yakainama tena. Naweza kukaa na kikombe changu cha chai nikayatazama mpaka adhana ya magharibi.

Nilianza kwa hasara. Shemeji yangu aliniletea kutoka Lushoto vichaka 4 vya nyasi za bluu, fupi, za duara, majani membamba kama sindano. Nyasi hizi asili yake ni milima ya Ulaya, na kwenye baridi ya Lushoto zilikuwa zimependeza kweli. Mimi nilizipanda Januari, kaskazi ikivuma na joto la Tanga likiwa halina huruma. Zilipoanza kunyauka nikadhani ni kiu, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya 3 nilishika kichaka kimoja nikivute kidogo, kikatoka chote mkononi, kitako kimeoza na kinanuka. Usiku wa pwani haupoi na hewa haikauki, na nyasi ya milimani haistahimili hayo mawili kwa pamoja. Maji yangu yalimalizia tu. Simshauri mtu wa Tanga, Pangani wala Bagamoyo atie pesa yake humo, hata akiiona nzuri namna gani kitaluni.

Baada ya hapo nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Nikamwambia nataka nyasi ndogo. Akanionyesha penisetamu ya zambarau, ile yenye masuke marefu laini kama mkia wa paka. Nikamwambia, "Lakini hii si hurefuka ikapita kiuno?" Akanijibu, "Ardhini, ndiyo, dada. Ukiibana kwenye ndoo haitakusumbua." Neno hilo ndilo lililonitengenezea bustani. Nilikuwa nahangaika kutafuta nyasi iliyozaliwa ndogo, kumbe udogo unaweza kuwekwa na chombo.

Natumia ndoo za rangi za lita 20. Natoboa matundu 8 chini kwa msumari uliopashwa moto, kisha naikalisha ndoo juu ya vipande vya matofali ili maji yapate njia. Udongo wangu ni sehemu 2 za udongo mwekundu, sehemu 1 ya mchanga wa mtoni na sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri. Samadi usizidishe, maana majani yatarefuka na kulala ovyo, na umbo ndilo unalolitafuta. Wengine huchanganya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Ni mzuri, ila makumbi ya huku kwetu mara nyingi yamelowekwa maji ya bahari, kwa hiyo mimi huuloweka siku 2 kwenye maji yasiyo na chumvi na kuyamwaga kwanza. Chumvi nimeiona kazi yake. Kipindi tulichokuwa tunachota maji ya chumvi ya kisima cha jirani, ncha za majani yote zilikauka zikawa kahawia. Zilipona mvua zilipoziosha udongo.

Na jua, jua kamili. Ndoo niliyoificha nyuma ya simtanki ilipoteza zambarau yake ikawa ya kijani, na haikutoa suke hata moja. Kwenye kivuli hicho sasa nimeweka mondo, yale majani meusimeusi mafupi yanayopangwa kandokando ya njia. Kwa ukoo si nyasi hasa, lakini kwa macho ni nyasi, na hayadai jua wala kukatwakatwa.

Kukata nilifundishwa na mbuzi. Siku moja nilisahau mlango wa uani wazi, nikarudi sokoni nikakuta ndoo 3 zimebaki visiki. Bibi mwenye mbuzi, jirani yetu, alikuja mwenyewe. "Mwanangu, nisamehe. Mbuzi huyu hana adabu." Nikamwambia, "Yameisha, bibi, shikamoo." Nilijua nimezikosa. Baada ya siku 10 hivi vikaanza kuchomoza vijani vipya, vyekundu kama ndimi za ndege, na ndoo zile 3 zikawa nene na nadhifu kuliko zile ambazo hazikuguswa. Nyasi hukulia chini, karibu na udongo. Ukiondoa juu, kitako kikiwa kizima, huanza upya. Tangu hapo kila mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajashika, nazikata zote nikibakiza shibiri 1.

Siku hiyohiyo ndipo ninapogawa zilizobanana, na hii ndiyo kazi ninayoingoja mwaka mzima. Naipindua ndoo, naigonga kitako, na bonge linatoka limechukua umbo la ndoo ileile, mizizi imejizungusha pembeni kama kamba ya kata. Katikati pa kichaka pamekauka, pana tundu, majani makavu matupu. Uhai uko ukingoni. Nalikata bonge kwa panga vipande 4, linachanika kwa sauti ya mkeka mkuukuu, natupa kiini kile kikavu, kisha narudisha ndooni kipande 1 cha pembeni chenye machipukizi. Nakipanda kwa kina kilekile kilichokuwa nacho, kitako kisifukiwe. Usipogawa, mwaka wa 2 au wa 3 kichaka huwa na kipara katikati na maji hayaingii tena.

Vipande vinavyobaki nagawia watu. Bibi alikataa mwanzoni. "Watu wang'oa majani, wewe wayapanda? Yatanijaa uani." Hofu yake ina msingi: ndugu wa nyasi hii, yule wa kijani, hutawanya mbegu kwa upepo, na kule Hawaii ameenea kwenye miamba ya volkano na kuchochea mioto. Nikamweleza kwamba huyu wa zambarau ni nadra kutoa mbegu inayoota, ndiyo maana twamgawa kwa panga. Akanyamaza, akashika suke, akalipitisha kwenye kiganja.

Masika iliyopita alinitumia mjukuu na kopo tupu la mafuta ya kupikia, limeshatobolewa. Sasa lipo barazani kwake, juu ya meza ya mbao, mahali ambapo mbuzi hafiki.