Blenda Ikizama Majini, Usikubali Kuambiwa Tupa

Kijana wa kaunta hakuigusa hata kwa kidole. Niliiweka blenda mbele yake, nikaanza kumweleza kwamba kitako chake, chenye mota, kilizamishwa kwenye maji ya sabuni na kwamba hakuna aliyeiwasha tangu hapo. Kabla sijamaliza, akatingisha kichwa. Imekufa hiyo, tupa, mpya zipo safu ya nyuma. Nikamuuliza fundi wao yuko wapi. Akashangaa swali lenyewe: vitu vidogo hivi hatutengenezi, saa moja ya fundi ni ghali kuliko blenda nzima.

Ndugu zangu, baridi ya ughaibuni huku Ulaya nimeizoea na upweke nimeuzoea, lakini hili la kutupa kitu kizima limenishinda. Mnajua wenyewe mashine kama ile ingeishia mikononi mwa nani huko nyumbani, na kwamba ingerudi inanguruma. Huku mtu anakuhukumia kifaa chako bila kukigeuza akaona chini kuna nini, na anakuona wewe ndiye mshamba kwa kuuliza.

Ilizamaje? Tunapanga nyumba moja watu kadhaa, jiko moja. Binti aliyehamia karibuni, mwenye adabu sana, aliona vyombo vimelundikana akaamua kutusaidia. Akavikusanya vyote akavitumbukiza kwenye sinki, jagi na kitako chake pamoja. Simlaumu hata kidogo. Nani aliwahi kumwambia kipi kinaoshwa na kipi kinafutwa tu? Kwa bahati waya haukuwa kwenye soketi. Nilipokiinua kitako, povu lilikuwa linachuruzika kwenye matundu ya hewa ya chini, na ukikitikisa unasikia maji yanacheza ndani.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa mnaoishi nyumba za kuchangia. Ukikuta kifaa kimezama na plagi bado iko ukutani, mkono wako usiingie majini. Nenda kwenye swichi kuu ukate umeme, ndipo uchomoe plagi, ndipo ukitoe. Nyumba nyingi za huku zina swichi ya usalama inayokata umeme pale unapovuja hadi kiasi cha miliampea 30, lakini usiuweke uhai wako juu ya swichi ambayo huenda haijajaribiwa kwa miaka. Na kama maji yamefika kwenye soketi yenyewe, iache, mwite fundi umeme.

Kosa la pili ni haraka. Watu wengi wakishatoa kifaa majini hukifuta kwa taulo, kisha wanakiwasha "kuona kama kimepona", na hapo ndipo wanapokiua. Maji peke yake kwa muda mfupi hayaharibu sana. Mota ya blenda ina koili za waya wa kopa uliopakwa vanishi, na vanishi hiyo huvumilia kulowa. Kinachoharibu ni umeme kupita mahali penye maji. Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka, na sabuni inaongeza mengine, kwa hiyo umeme unapata njia ambazo hazikukusudiwa. Unapiga shoti, unaunguza koili, unaunguza saketi ya spidi, na anayeshika kifaa naye yuko hatarini. Kisichowashwa bado kina matumaini.

Kwa hiyo nilirudi na blenda yangu nyumbani. Skrubu mbili zilionekana. Nyingine zilifichwa chini ya miguu ya mpira, inayobanduliwa kwa ncha ya kisu. Na hizo zilizofichwa zilikuwa za pembetatu, umbo ambalo bisibisi ya kawaida haiingii. Niliumia moyoni nilipoziona. Mtu alikaa ofisini akachagua skrubu ambayo mwenye mali hawezi kuifungua. Seti ya vichwa vya bisibisi vya maumbo mbalimbali ndiyo iliyonisaidia. Wewe unayejiandaa kusafiri, iweke ndani ya sanduku lako, la kukaguliwa na si la mkononi, maana vyombo vya fundi virefu huzuiwa kuingia ndani ya ndege. Itakusaidia kuliko shati la nne.

Ndani nilikuta maji ya kijivu, yamechanganyika na vumbi jeusi la kaboni. Kaboni ni vile vipande viwili vinavyosugua kichwa cha mota kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Huliwa taratibu na vumbi lake husambaa, na vumbi hilo linapitisha umeme. Ndiyo maana kukausha tu hakutoshi. Sabuni na madini vikikaukia ndani hubaki kama utando, na kila hewa ikiwa na unyevu utando huo unalowa tena na kutu inaanza. Suuza kwanza kwa maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari (si asidi, soma lebo), kisha pitisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa brashi laini. Alkoholi huchukua maji yaliyojificha na kuondoka nayo inapokauka. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, jiko limezimwa, maana mvuke wake unashika moto.

Halafu subiri. Feni inatosha, au jua, kifaa kikiwa wazi na kimelazwa ili maji yapate pa kutokea. Siku kadhaa, si saa kadhaa. Usiweke kwenye oveni na usikipulizie mashine ya moto ya nywele kwa karibu, plastiki itapinda. Na habari ya kufukia kifaa kwenye mchele, iacheni. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya mota. Unaacha unga na punje kwenye matundu. Beringi nazo zinahitaji tone la mafuta mapya, kwa sababu sabuni imeosha ya zamani, na mota hii inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ikikauka mafuta, italia siku chache tu na kukwama.

Sasa niwaambie na lililonifurahisha, nisionekane mtu wa kulalamika tu. Hukuhuku Ulaya kuna watu wanaochukia kutupa kama mimi. Mwaka 2009, Martine Postma alianzisha mjini Amsterdam mkutano wa kwanza wa Repair Café, watu wa kujitolea wakikaa na majirani kutengeneza vilivyoharibika, na jambo hilo limeenea nchi nyingi. Nilikwenda kwenye mkutano wa namna hiyo nikiwa na blenda yangu kavu lakini bila uhakika wa kuiwasha. Mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa fundi umeme, aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akainusa, akazungusha mhimili wa mota kwa kidole akisikiliza beringi. Kisha akatoa mega, kifaa cha kupimia kama umeme unavuja, akapima kinga ya umeme kwa volti 500. Akanionyesha alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake kifaa kina kinga maradufu na hakina waya wa ardhi; cha aina hiyo hutakiwa kisome angalau megaohm 2 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na chenye waya wa ardhi angalau 1. Yangu ilipita. Akaiwasha yeye mwenyewe, mkono mwingine mgongoni. Alikataa pesa. Nilimshika mkono kwa heshima kama ninavyomshika baba yangu, na naona hakujua ni kwa nini nilikawia kuuachia.

Si kila kifaa ni blenda, lakini. Jiko la maikrowevu lililozama usilifungue hata kama umelichomoa. Kapasita yake hushikilia chaji ya volti kama 2,000 baada ya umeme kukatika, na imeua mafundi. Kifaa chenye betri ya lithiamu usikichaji tena. Kiweke nje, mbali na vitu vinavyoungua, kwa sababu betri iliyolowa inaweza kuwaka moto baadaye kabisa, wakati umeshasahau. Birika la umeme na vifaa vya kupasha vina unga wa magnesiamu oksidi ndani ya koili, unaonyonya unyevu. Vikikata swichi ya usalama kila ukiwasha, ujue bado havijakauka. Na kilichozama kwenye maji ya mafuriko au ya bahari, hicho mimi mwenyewe nitakwambia kiache. Chumvi ya bahari inakula kopa, na maji ya mafuriko hubeba vinyesi, nawe kifaa hicho unakitia chakula.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya haki ya kutengenezewa mwaka 2024, nchi zikitakiwa kuanza kuitumia tarehe 31 Julai 2026. Nimeisoma kwa hamu. Mashine za kufulia zimo, majokofu yamo, vifaa vya kufyonza vumbi vimo, simu zimo. Blenda haimo. Naamini ingestahili kuwemo, kwa sababu hivi vidogo ndivyo vinavyojaza mapipa.

Ikishindikana kabisa, usiitumbukize kwenye pipa la kawaida. Alama ya pipa lililokatwa msalaba chini ya kifaa inakataza hivyo. Kwa kanuni za Ulaya za mwaka 2012, duka lenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la mita za mraba 400 au zaidi kwa kawaida linatakiwa kupokea bure kifaa chakavu kisichozidi sentimita 25 upande wowote, hata kama hununui kitu. Kata waya kwanza, mtu asije akakiokota na kukichomeka, kisha kipeleke kaunta na udai kipokelewe.